Utepe Hukatwa Mara Moja

Nikiambia watu naandika kuhusu sanaa ya viwanja vya ndege, jibu la kwanza huwa ni lile lile: buda, paa linavuja, foleni haisongi, na wewe unaongea michoro? Nawaelewa. Lakini nimesoma hii historia kwa muda sasa, na kuna kitu kimoja kimenikaa kichwani. Paa linalovuja na sanamu iliyozima taa ni watoto wa mama mmoja. Zote mbili zilipata pesa ya kujengwa, hazikupata pesa ya kutunzwa. Siku ya kukata utepe kulikuwa na hema, viti, wacheza ngoma na mheshimiwa. Miaka mitano baadaye hakuna hata fundi mmoja anayejua swichi iko wapi.

Kwa hivyo leo nawatembeza viwanja vitano, vyote vya Marekani. Nimechagua huko kwa sababu wamekuwa wakiagiza sanaa inayoongea teknolojia tangu miaka ya 1930, na aibu zao zimeandikwa pamoja na sifa zao. Ukizifuata kutoka 1936 hadi 2010, unakuta maswali matatu yanarudi kila mara: nani anaitunza hii kazi, nani ana ruhusa ya kuibadilisha, na ikifika mwisho wake itaondokaje? Mwishoni tunarudi Nairobi, maana hayo maswali yananiumiza zaidi huku nyumbani.

Na kabla mtu aniulize nina digrii gani ya historia ya sanaa: sina. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imetushinda nyumbani. Sasa natengeneza video, nasoma usiku, na nikipata kitu cha maana nawaletea.

Newark: ndege iliyokatwa vipande

Miaka ya 1930 uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka vibaya. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikaanzisha shirika la kuwapa watu kazi, likaitwa WPA, na mwaka 1935 ndani yake kukawa na mradi wa wasanii. Wazo lilikuwa rahisi: mchoraji naye ana tumbo. Kama serikali inamlipa mtu kuchimba barabara, inaweza kumlipa mwingine kuchora ukuta wa shule, hospitali au uwanja wa ndege. Malipo yalikuwa karibu dola 23 kwa wiki. Si utajiri, lakini kodi ya nyumba inalipika.

Mmoja wa waliopata hiyo kazi aliitwa Arshile Gorky. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Vostanik Adoian, Muarmenia kutoka karibu na ziwa Van, kwenye dola ya Ottoman. Alinusurika mauaji ya Waarmenia. Mama yake alikufa kwa njaa mwaka 1919, na mwaka uliofuata kijana akafika Marekani. Huyu mkimbizi ndiye alikuja kupewa kuta za jengo la utawala la uwanja wa Newark, New Jersey, ambao wakati huo ulikuwa kati ya viwanja vyenye shughuli nyingi zaidi duniani.

Tukisema teknolojia leo tunafikiria simu na kompyuta. Mwaka 1936 teknolojia ilikuwa ndege yenyewe. Watu wengi walikuwa hawajawahi kuipanda. Sasa, Gorky angeweza kuchora ndege safi ikipaa juu ya mawingu kama picha ya kalenda ya dukani. Hakufanya hivyo. Aliivunja vipande, mabawa huku, mkia kule, injini, vipimo, ramani ya nchi ikionekana kutoka juu, akavigeuza kuwa maumbo ya rangi kali. Zilikuwa paneli 10 za rangi ya mafuta juu ya turubai. Kuna watu wa Newark walioziona na kuuliza hii ni nini tumeletewa. Hilo ni la kawaida, sanaa ya umma bila malalamiko sijui kama iko.

Halafu vita vikaja. Jeshi likachukua uwanja wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na zile kuta zikapakwa rangi. Baadaye zikapakwa tena, na tena. Gorky alifariki mwaka 1948. Ilipofika 1973 ndipo paneli mbili zikagunduliwa zikiwa zimezikwa chini ya tabaka za rangi. Mbili kati ya 10. Zile nyingine nane hatunazo hadi leo.

Kinachonisumbua kwenye hii hadithi ni kwamba haihitaji adui. Sidhani kuna mtu aliyeitisha mkutano akasema leo tunaua sanaa. Inatosha kuwa na ndoo ya rangi, brashi, agizo la kusafisha jengo, na kusiwe na karatasi yoyote inayosema: huu ukuta usiguswe.

LaGuardia: historia yote ya kuruka, halafu kimya

Upande wa pili wa mji wa New York kuna uwanja wa LaGuardia, na ndani yake kuna jengo la mviringo lililojengwa kwa ajili ya ndege zilizokuwa zinatua majini. Ndege hizo za kampuni ya Pan American zilikuwa kilele cha teknolojia ya siku zake. Kwenye ukumbi wa hilo jengo, James Brooks alichora ukuta mzima kuzunguka, kwa mradi ule ule wa WPA, akamaliza mwaka 1942. Mchoro unaitwa Flight. Una urefu wa zaidi ya futi 230 na kimo cha futi 12, na unasimulia tamaa ya binadamu kuruka, kuanzia hekaya za kale, kupitia Leonardo da Vinci na ndugu wawili wa Wright, hadi zile ndege za majini zenyewe.

Yaani abiria anasimama katikati, anageuka polepole, na anapomaliza mzunguko amepitia historia yote hadi mlango anaopandia ndege. Hiyo ndiyo maana ya kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pake. Ukiihamisha inakufa nusu.

Miaka ya 1950 mwanzoni, mchoro wote ukafunikwa kwa rangi. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba ulikuwa wakati wa kuwawinda Wakomunisti, na kuna watu waliona dalili za siasa za mrengo wa kushoto kwenye picha za wafanyakazi. Kwa karibu miaka 30 abiria walipita hapo wakiangalia ukuta mtupu, bila kujua kuna nini chini yake.

Lakini huu ukarudi. Mwandishi mmoja wa habari za ndege alianzisha kampeni, pesa zikachangwa, wataalamu wakatoa ile rangi ya juu pole pole, na mwaka 1980 mchoro ukaonekana tena. Brooks alikuwa bado hai kuuona. Mwaka huo huo mji wa New York ukaliweka lile jengo, nje na ndani, kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Kuanzia hapo, mtu akija na ndoo ya rangi, kuna karatasi ya kumuuliza.

Tofauti ya Newark na LaGuardia haikuwa kipaji cha mchoraji. Gorky leo ni jina kubwa kuliko Brooks. LaGuardia ukuta ulibaki mahali pake, kukapatikana watu wakaidi, halafu sheria ikaingia. Ukiondoa hilo la sheria, ni bahati tupu.

Pittsburgh: sanamu ya injinia iliyopakwa rangi za kaunti

Sasa hii ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inachekesha na inauma kwa wakati mmoja.

Alexander Calder alisomea uinjinia wa mitambo, akahitimu mwaka 1919, kabla ya kuwa msanii. Ndiye aliyefanya sanamu za kuning'inia zijulikane dunia nzima: vipande vya chuma vilivyopangwa kwa hesabu za mizani hivi kwamba upepo mdogo tu unavifanya vizunguke, kila kipande kwa mwendo wake. Hakuna mota. Mtambo wenyewe ni mizani na hewa. Mwaka 1958 sanamu yake moja kubwa nyeusi na nyeupe ikashinda tuzo ya kwanza kwenye maonyesho ya kimataifa ya Carnegie mjini Pittsburgh. Tajiri mmoja mkusanyaji sanaa akainunua, akaipa kaunti ya Allegheny kama zawadi, ikatundikwa kwenye uwanja wa ndege wa Pittsburgh.

Wakubwa wa kaunti wakaitazama wakaona, ah, hii nyeusi na nyeupe haipendezi. Wakaipaka kijani na dhahabu, rangi za kaunti. Na ule mwendo wake wa kawaida nao ukachezewa, ikawa haijongei tena kama alivyoipanga. Calder alilalamika sana. Akafa mwaka 1976 sanamu ikiwa bado na rangi za kaunti. Ilirudishiwa weusi na weupe wake baada ya yeye kuondoka duniani.

Wasee, hebu fikiria. Injinia anakupa mashine inayofanya kazi kwa hewa tu, na wewe unaizuia isitembee halafu unaipaka rangi za kampeni. Usiwacheke sana, lakini. Tunaishi kwenye nchi ambapo gavana mpya akiingia, hata mapipa ya taka hubadilishwa rangi.

Kesi hii hutajwa mara nyingi Wamarekani wanapoeleza kwa nini walihitaji sheria ya haki za wasanii wa sanaa za kuonekana, waliyoipitisha mwaka 1990. Sheria hiyo inasema kwamba hata ukinunua kazi, mwenye kuitengeneza ana haki ya kupinga isipotoshwe kwa namna inayoharibu heshima yake.

Na hapa nina habari ambayo vijana wengi wa kuchora na wa kidijitali hapa Kenya hawaijui. Sisi pia tunayo. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinampa mwandishi wa kazi haki ya kutambuliwa kuwa yake, na haki ya kupinga ikikatwakatwa au ikipotoshwa kwa namna inayoharibu jina lake. Haki hiyo iko hata baada ya kuuza haki zile za pesa. Rafiki yangu mmoja alichora ukuta mrefu mtaani, wiki tatu juani. Mwenye jengo akabandika tangazo la bidhaa katikati ya picha, uso wa mama aliyechorwa ukabaki na nusu ya mdomo. Rafiki yangu aliamini hana la kusema kwa sababu ameshalipwa. Kumbe angalau alikuwa na mahali pa kuanzia mazungumzo, na mkataba wenye mstari mmoja kuhusu hilo ungemwokoa kabisa.

Denver: farasi aliyemuua bwana wake

Kufikia miaka ya 1980, miji mingi ya Marekani ilikuwa imebuni njia ya kutopitisha kofia kila wakati wanapotaka sanaa. Philadelphia ilitangulia mwaka 1959 kwa kuweka kanuni kwenye sheria za mji: asilimia fulani ya gharama ya jengo iende kwa sanaa. Denver ikafuata, kwanza kwa amri ya meya mwaka 1988, kisha kwa sheria ya mji mwaka 1991: asilimia 1 ya bajeti ya miradi mikubwa ya ujenzi. Ikatokea kwamba mradi mkubwa uliokuwa unakuja ni uwanja mpya wa ndege. Asilimia 1 ya kitu kikubwa ni pesa nyingi.

Mwaka 1993 mji ukampa mkataba Luis Jiménez. Alizaliwa El Paso, Texas, na baba yake alikuwa na karakana ya kutengeneza mabango ya taa za neoni. Kijana alikulia humo. Kwa hivyo alipokuwa msanii hakutaka marumaru wala shaba. Alitumia fiberglasi, ile ile ya kutengenezea mashua na bodi za magari, akaipaka rangi zinazong'aa kama gari la mashindano. Denver aliwapangia farasi wa bluu wa futi 32, amesimama kwa miguu ya nyuma, macho yakiwaka taa nyekundu kwa heshima ya karakana ya babake.

Mkataba wa kwanza ulikuwa dola 300,000. Uwanja ukafunguliwa Februari 1995 bila farasi. Miaka ikapita, tarehe zikakosewa, mji na msanii wakafikishana kwa mawakili. Mwaka 2006, akiwa kwenye karakana yake New Mexico, sehemu ya sanamu ikamwangukia mguuni ikakata mshipa mkubwa wa damu. Akafa. Familia na mafundi wa rangi wakaimaliza, na Februari 2008 farasi akasimamishwa kando ya barabara ya kuingia uwanjani. Gharama ilikuwa imefika dola 650,000.

Watu wengine walimchukia siku ya kwanza. Macho mekundu usiku, unaenda kupanda ndege, si kila mtu anataka hiyo. Wakampa jina la utani la kishetani, na mwaka 2009 kukawa na kampeni mtandaoni ya kutaka aondolewe. Hapo ndipo utaona faida ya karatasi. Mji ulikuwa na utaratibu: kazi ya umma inakaa angalau miaka mitano kabla ya kujadiliwa kuondolewa. Hakuna kuamka Jumatatu ukachukua tingatinga kwa sababu mitandao imewaka wikendi. Miaka mitano ikapita, hasira zikapoa, na siku hizi huyo farasi yuko kwenye fulana na vikombe. Amekuwa alama ya mji.

Kanuni ya muda ni kitu kidogo. Lakini bila hiyo, kila kazi ya umma inaishi kwa huruma ya lawama za wiki moja.

San José: jengo linaloacha mlango wazi

Cha mwisho ni San José, California, katikati ya Silicon Valley. Mwaka 2010 uwanja wao ulifungua jengo jipya la abiria, na kwa kuwa huko ndiko nyumbani kwa kompyuta, waliamua sanaa yote iongee sanaa na teknolojia kwa pamoja.

Nje, kwenye ukuta wa jengo la maegesho, Christian Moeller aliweka Hands: picha kubwa mno za mikono ya wakazi wa eneo hilo, zikienda urefu wa zaidi ya futi 1,000, zimetengenezwa kwa visahani vidogo vya plastiki kwenye wavu. Ukiwa karibu unaona nukta nukta tu. Ukisonga mbali, ni mkono. Ni pikseli za kushikika, bila umeme hata kidogo. Ndani, Björn Schülke alisimamisha Space Observer, kiumbe cha miguu mitatu chenye propela na kamera kinachozunguka polepole kikiwatazama abiria, jambo linalokufanya ujiulize nani anamchungulia nani uwanja wa ndege. Na juu ya ukumbi kukaning'inizwa eCLOUD, kazi ya Aaron Koblin, Nik Hafermaas na Dan Goods: wingu la vigae vya plastiki vinavyobadilika kutoka uwazi hadi ukungu kufuata data za hali ya hewa za miji mbalimbali, zinazoingia moja kwa moja.

Zote nzuri. Lakini kilichonivutia zaidi kiko kwenye mpango, hakionekani kwenye picha. Waliokaa kupanga walijua teknolojia inazeeka haraka kuliko saruji. Jengo linajengwa lidumu miaka 50, kompyuta inachoka baada ya mitano. Kwa hivyo walitenganisha vitu viwili. Kwanza miundombinu: vyuma vya kutundikia, umeme, nyaya za data, vikaingizwa ndani ya jengo tangu ramani ya kwanza. Pili kazi zenyewe, ambazo nyingine zingeweza kukaa muda halafu zikapisha nyingine. Yaani waliagiza jukwaa kabla ya kuagiza mchezo.

Ukitaka kujua kwa nini hilo ni jambo la akili, toka nje ya viwanja vya ndege kidogo, nenda Korea Kusini. Mwaka 1988 Nam June Paik alijenga mnara wa televisheni 1,003 kwenye jumba la makumbusho la Gwacheon. Zilikuwa zile televisheni nene za kioo tulizokuwa nazo sebuleni. Mwaka 2018 ilibidi mnara uzimwe kwa ajili ya usalama, kwa sababu zilikuwa zimechoka na viwanda viliacha kuzitengeneza. Ikachukua hadi 2022 kuuwasha tena, nyingine zikiwa zimerekebishwa na nyingine kubadilishwa kwa skrini bapa. Kulikuwa na mjadala mkubwa: ukibadilisha skrini, bado ni kazi ya Paik? Yeye alikuwa amefariki mwaka 2006. Hilo ni swali la kumuuliza msanii akiwa hai, siku ya kusaini, wakati chai bado ni moto.

Sasa turudi nyumbani

Mwaka ule ule wa 1958 Calder alipokuwa anashinda tuzo yake Pittsburgh, uwanja wa Embakasi ulifunguliwa na gavana wa kikoloni, Evelyn Baring. Ulijengwa kwa jasho la watu waliozuiliwa wakati wa Mau Mau. Mwaka 1978 tukapata jengo jipya la abiria, na uwanja ukapewa jina la Jomo Kenyatta. Agosti 7, 2013 moto ukateketeza ukumbi wa kuwasili. Desemba mwaka huo huo terminali mpya kabisa ikazinduliwa kwa shangwe, halafu 2016 mradi ukafutwa. Mwaka 2024 tukasikia kuhusu mpango wa kuukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani kwa miaka 30, na umma ulijua baada ya karatasi kuvuja. Wafanyakazi wakagoma Septemba, na Novemba 21 rais akaufuta.

Soma hiyo orodha tena. Utepe umekatwa, utepe haujakatwa, karatasi imefichwa, karatasi imevuja. Shida yetu haijawahi kuwa kukosa ndoto. Ni kilichoandikwa na nani alikiona.

Siku moja tutajenga hiyo terminali. Na nawahakikishia kutakuwa na mtu kwenye kikao atakayesema, sisi ni Silicon Savannah, tuwekeni kitu cha kidijitali pale mlangoni. Skrini kubwa, simba wa taa, labda M-Pesa ikipaa kama ndege. Na simu itamlilia kijana fulani Rongai au Kisumu anayetengeneza hivi vitu kwa kompyuta ya mkopo. Atafurahi hadi asahau kusoma. Kwa hivyo huyo kijana, na wewe unayelipa kodi, naomba mshike haya.

Moja, pesa ya matunzo iandikwe siku ile ile na pesa ya kutengeneza, ikiwa na jina la ofisi itakayoitoa kila mwaka. Kama hakuna, agiza kazi isiyohitaji umeme. Mikono ya San José ni plastiki tupu na hakuna anayesema si ya kisasa.

Mbili, vipuri na maelezo vikabidhiwe pamoja na kazi: programu zake, michoro ya nyaya, na mafundi wa uwanja wafunzwe. Fundi aliye Berlin hawezi kupanda ngazi Embakasi saa nane usiku.

Tatu, msanii aandike mwenyewe ni nini kinaweza kubadilishwa na nini hakiwezi. Skrini ikifa, weka nyingine? Rangi? Mwendo? Ajibu akiwa hai.

Nne, kuwe na kanuni ya muda na ya kuondoa. Kazi ikae miaka kadhaa, na ikiondolewa msanii ajulishwe kwa maandishi kwanza. Ingekuwepo Newark, labda tungekuwa na paneli 10.

Tano, uchaguzi wenyewe uwe wazi. Ibara ya 201 ya Katiba inadai uwazi na ushiriki wa wananchi kwenye mambo ya pesa za umma, na Ibara ya 35 inakupa haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Mkataba wa sanamu nao ni mkataba.

Kuna watakaosema sanaa ni anasa kwa nchi yenye madeni. Sawa, lakini Newark ilichorwa nchi ikiwa chini kabisa kiuchumi, na mchoraji alikuwa mkimbizi anayelipwa mshahara wa kibarua. Na Katiba yetu, Ibara ya 11, inaweka sanaa na sayansi kwenye ibara moja, ikiiambia serikali ikuze ya kwanza na kutambua mchango wa ya pili. Waliotuandikia hawakuona kama ni vitu viwili vinavyogombana.

Mimi ningependa kuona ukuta mmoja Embakasi unaosema ni mikono ya nani ilichimba ile ardhi miaka ya 1950. Fanya kwa taa, fanya kwa data, fanya kwa visahani vya plastiki kama Moeller, sijali. Lakini kabla ya kuniita kwa sherehe, nionyeshe ukurasa wa matunzo. Nitausoma wote, hata maandishi madogo ya chini.